Gauni Bila Gagulo

Safari ilinichukua siku tatu. Nilitoka Tunduma alfajiri, nikalala Songea, nikalala tena Tunduru kwa sababu basi lilikatika springi, na siku ya tatu mchana nikashuka Masasi kwenye jua ambalo nilikuwa nimelisahau. Begi la nguo nililiweka kwenye buti na sikulifikiria tena. Nilichokipakata njia nzima ni mfuko wa misumari ya bati, ile yenye kofia na mpira. Abiria wa pembeni aliniuliza kama ni dhahabu. Nikamwambia ni nyumba ya mama yangu. Akacheka, akalala.

Kutoka Masasi nilipanda gari la Newala, na kutoka Newala bodaboda hadi Mkunya. Nilikuwa sijafika huko kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliondoka baada ya kidato cha nne, nikajifunza kuezeka, na tangu hapo nimeishi kama buibui, mji mmoja hadi mwingine, juu ya mapaa ya watu. Kila nilipolala chini ya bati la watu niliikumbuka nyumba ile ya nyasi nilikokulia: giza lake la mchana, moshi, na harufu ya mchanga mbichi uliozunguka mtungi wa maji. Niliitamani. Sasa nilikuwa nakwenda kulibomoa paa lake.

Aliyeniita ni dada yangu, binti wa mama mdogo. Mama mdogo ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, kwa hiyo ni mama. Dada ni mwalimu Lisekese, upande wa Masasi, na hakuweza kuja kila wiki kumtazama. Kwenye simu alisema maneno machache tu.

"Kaka, mama anaoga kwa kikombe. Kisima cha saruji kipo, tumekichimba, lakini nyasi hazivuni maji. Mvua ikitukuta hivi tena, sijui."

Mtu wa Newala haelezwi zaidi ya hapo. Maji kule ni ya kuteremkia bondeni au ya kununua kwa dumu. Mwenye bati anangoja mvua akiwa na mfereji na kisima. Mwenye nyasi ana kivuli kizuri na ndoo tupu, maana yakitiririka kwenye nyasi maji hutoka na rangi ya chai.

Mama mdogo nilimkuta ameketi barazani. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa. Huko Tunduma wanawapa nini?"

Aliniingiza ndani. Nje jua lilikuwa kali, lakini nilipovuka kizingiti nilihisi ubaridi mikononi kama mtu aliyetumbukiza mikono kisimani. Pembeni palikuwa na chungu kikubwa, ndani yake mtungi mdogo, na katikati yao mchanga wenye unyevu. Akafunua kifuniko. Humo, kwenye kikombe cha bati kilichofunikwa kitambaa, ndimo alimoweka chupa ya insulini. Alikuwa na kisukari miaka mingi, na zahanati ndiyo iliyomfundisha kutunza dawa namna ile. Kikombe kimoja cha maji kwenye mchanga kilitosha kutwa nzima. Asubuhi na jioni alijipiga sindano mwenyewe, bila kumwita mtu.

"Hii ndiyo roho yangu," alisema, akafunika.

Nilisikia. Lakini nilikuwa tayari natazama juu, nahesabu kenchi, mbao za kubebea bati.

Mabati nilikuwa nimeagiza ya rangi, yale mekundu ya kiza ambayo watu huita damu ya mzee. Mabati meupe yalikuwepo, ila nilisema nyumba ya mama haitafanana na ghala la korosho. Mbao zilipungua kidogo, nikashusha kimo cha paa. Popo wa kule nawajua, kwa hiyo mwanya kati ya ukuta na bati niliuziba wote kwa udongo, kuzunguka nyumba nzima, nikaulainisha kwa kiganja. Ilikuwa kazi safi. Mtu akinionyesha kazi ile leo bila kuniambia ni yangu, nitamsifu fundi.

Nyasi nilizoshusha nilitaka kuzichoma. Mama mdogo akaja na kanga yake kichwani, akakaa juu ya lundo.

"Nichome na mimi."

"Mama, hizi zina nyoka na mchwa. Za kazi gani tena?"

"Wewe umeivalisha nyumba gauni bila gagulo," alisema. "Ikisimama juani, kila kitu kitaonekana."

Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo wakacheka mpaka wakashika viuno. Na mzee mmoja jirani, ambaye ndiye aliyeezeka zile nyasi zamani na ambaye sikumwita hata kunishikia ngazi, akachomekea kutoka uani kwake: "Mwache, ni fundi wa kuja. Kwao nyumba zinatembea uchi."

Nami nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee wanaopenda mambo yao. Lundo nikaliacha chini ya mkorosho, kwa heshima tu.

Ilikuwa imebaki kama mwezi mvua zianze, na huo ndio mwezi mbaya. Saa nne asubuhi bati lilianza kulia, ta, ta, likijinyoosha. Saa saba ndani hapakaliki. Kuta zilizokuwa baridi tangu utoto wangu zilikuwa na joto ukizigusa. Mchanga wa mtungi, uliotosheka kwa kikombe kimoja, ulikunywa vikombe vinne kabla ya adhuhuri na bado ukakauka, na sisi maji hatukuwa nayo. Siku moja nilichukua mshumaa kwenye rafu, tuliouweka kwa ajili ya umeme ukikatika, nikaukuta umeinama kama mtu anayesali. Nikaunyoosha kwa vidole. Nilimwonyesha mama mdogo, tukautania: huu umekuwa Mkristo kuliko sisi.

Ishara ilikuwa mkononi mwangu na nikaichezea.

Dada alipokuja mwisho wa wiki na kuhisi lile joto, alirudi Lisekese akaleta friji yake ndogo juu ya gari la mizigo. Tulifurahi. Dawa ikatoka mtungini ikaingia kwenye friji, na mtungi ukapelekwa nje ukawekewa pumba za kuku. Hakuna aliyeona ubaya. Friji ni friji.

Lakini friji ile haikunyamaza. Tangu asubuhi ilinguruma, mgongo wake ukawa wa moto, ukazidisha joto chumbani, na joto likaifanya ingurume zaidi. Yuniti za umeme zilikwisha kama maji kwenye ungo. Na siku nyingi mchana umeme wenyewe ulikuwa unakatika, ukirudi magharibi. Hapo friji ilikuwa sanduku lililofungwa chini ya bati la moto. Jioni tulipoifungua ikawa inanguruma tena na ina ubaridi kidogo, tukaridhika. Mchana hatukuifungua, tusije tukatoa baridi. Ndivyo tulivyoambizana.

Mama mdogo akaanza kunywa maji. Maji tuliyokuwa tunayapima yeye aliyanywa kikombe juu ya kikombe, akaenda chooni, akarudi akanywa tena. Kisha akawa analala mchana. Kisha akawa hamalizi sentensi.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mabibo, matunda ya mkorosho, yalitapakaa kila mahali, mekundu na ya njano, yameiva mpaka yanapasuka, na harufu yake ile ya utamu uliochacha ilijaa Mkunya nzima. Mgonjwa wa sukari anakatazwa mabibo, na kila mtu anajua kwamba mgonjwa wa sukari huyala kwa siri. Huo ni utani wa kila mwaka.

Nilimwinamia mama mdogo kumrekebishia mto. Pumzi yake ilinigusa usoni. Ilinuka bibo lililochacha.

Nilinyanyuka. Nilikaa barazani nikajisikia nimesalitiwa. Nimevuka nchi nzima na misumari mapajani, nimechomwa na jua mgongo mzima juu ya paa lake, kumbe yeye anajiua kwa mabibo. Nilimpigia dada. Alikuja kesho yake, akamnusa, akaanza kulia kwa hasira.

"Mama, unakula mabibo."

"Sijala."

"Mdomo wako unanuka, mama!"

"Sijala, mwanangu."

Akanigeukia mimi. Nadhani alitaka nimtetee. Nikasema, na nitayakumbuka maneno haya mpaka nizikwe: "Mama, mtu mzima haibi mabibo kama mtoto."

Mama mdogo alijigeuza taratibu akatazama ukuta. Sisi tukatoka uani, tukaokota mabibo yote chini ya mikorosho iliyo karibu, tukayatupa mbali. Tulifagia mpaka majani. Tulikuwa na uhakika tunamwokoa, na kila asubuhi na jioni dada alimpiga sindano kutoka kwenye ile chupa, kwa sababu mama mwenyewe hakuwa tena na nguvu ya kujichoma.

Siku ya tatu mama mdogo alianza kuhema. Alihema haraka na kwa kina, kama mtu aliyepanda kilima kutoka bondeni na ndoo, na alikuwa amelala tu. Nilimwita hakuitika. Jirani mmoja alikuwa na gari, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa dada. Barabarani nilijikuta nazihesabu pumzi zake. Nikipoteza hesabu naanza upya. Sikuwa naomba Mungu, nilikuwa nahesabu.

Hospitalini Newala walimchukua haraka, wakamtundikia dripu. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alimnusa mdomo, akatuangalia.

"Nesi, ni mabibo," dada alisema kabla hajaulizwa. "Tumemkataza, hasikii."

"Nani kakwambia ni mabibo?"

Dada akanigeukia.

"Hii ni sukari imepanda mno. Mwili ukikosa dawa unakula mafuta yake, na pumzi inanuka tunda lililooza. Huyu mama hajala kitu. Anapiga sindano?"

"Kila siku. Namchoma mimi mwenyewe," dada alisema.

"Dawa mnaitunza wapi?"

"Kwenye friji."

"Umeme wenu ukikatika?"

"Tunangoja urudi."

"Na nyumba mchana inakuwaje?" Sasa alikuwa ananiangalia mimi. "Imeezekwa nini?"

"Bati," nilisema. "Nimeliezeka mimi."

"Rangi gani?"

"Damu ya mzee."

"Dari?"

"Hakuna."

"Hewa inatokea wapi?"

Nikaona kiganja changu kikilainisha udongo kuzunguka nyumba nzima. Nilikumbuka mshumaa.

Muuguzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba dawa ile ikipata joto inakufa bila kubadilika rangi, na kwamba siku zote hizo dada alikuwa anamchoma mama yake maji matupu. Dada akakaa chini, pale pale sakafuni.

Siku mbili hatukujua kama atapona. Siku ya tatu alifungua macho akaomba maji, na muuguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Daktari akasema atakaa siku tano tena, halafu aruhusiwe, lakini asirudishwe kwenye tanuri. Dada akamwomba mama yake waende Lisekese. Mama mdogo akakataa kwa sauti iliyotoka kama uzi. Mvua iko karibu, kisima chake kiko wazi, hajawahi kuyaona maji yake mwenyewe. Atarudi kwake.

Siku tano. Nilirudi Mkunya na bodaboda, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa yule mzee wa nyasi. Nilimwamkia nikiwa nimechuchumaa.

"Shikamoo babu."

Alinitazama kwanza kuanzia miguuni hadi kichwani. "Marahaba. Fundi wa kuja. Kumbe kwenu mlisoma kupiga misumari, kuezeka hamkufika."

"Hatukufika, babu."

"Nyasi zangu ziko wapi?"

"Ziko. Mama alizikalia."

Akacheka hapo, akachukua panga lake.

Tulikata mianzi. Tulilaza fito kutoka ukuta hadi ukuta, chini kabisa ya kenchi, tukazifunga kwa kamba za magome, tukapaka udongo mwembamba juu. Kisha nyasi zile zile za zamani, tulizozichambua moja moja na kuzikung'uta, tukazitandaza unene wa shubiri. Nilitaka kuzipandisha mpaka ziguse bati. Mzee akanipiga mkono. "Acha nafasi. Gagulo lisishikane na gauni, mtu atatembeaje?" Kati ya nyasi na bati pakabaki uwazi wa mtu kutambaa. Halafu nikachukua nyundo, nikabomoa ule udongo wangu mzuri wa kuziba, nikatoboa na kuta za pembeni juu kabisa, mashariki na magharibi, nikatia wavu wa kuzuia popo. Nilipotoboa tundu la kwanza, joto lilinipiga usoni kama nimefungua chungu jikoni.

Siku ya nne saa nane mchana tulikaa ndani, mimi na mzee na dada. Nilisimamisha mshumaa mpya kwenye ile rafu. Mtungi tulikuwa tumeuosha na kuurudisha pembeni na mchanga mpya, kikombe kimoja cha maji. Juu bati lililia, ta, ta. Nilikuwa nautazama ule mshumaa kama mtu anayengoja hukumu isomwe, na kila nilipopepesa macho niliona umeinama, kisha nikaona haujainama.

Ghafla kukawa kimya.

"Umeme umekatika," dada alisema, akasimama kwa hofu.

Tukatazama juu. Taa ilikuwa inawaka. Kumbe iliyonyamaza ni friji. Ilikuwa imepoa ikanyamaza yenyewe, na sisi hatukuwahi kuisikia ikinyamaza umeme ukiwepo tangu iingie nyumba ile. Ikakaa kimya muda mrefu, ikanguruma kidogo, ikanyamaza tena. Dada alifunika uso kwa kanga.

Mshumaa ulibaki umesimama mpaka jua likashuka. Mchanga ulikuwa bado na unyevu.

Mama mdogo alirudi akitembea mwenyewe, mkono mmoja begani kwangu. Alipovuka kizingiti alisimama. Alitazama juu kwenye fito na udongo, hakuona nyasi, lakini alinusa akazijua.

"Umeivalisha," alisema.

Akaketi. Dada akaweka chupa mpya ya dawa, si kwenye friji, mtungini, maana ndiko alikoonyesha kwa kidole. Kisha mama mdogo akasema, "Sasa tuzungumze mabibo."

Tulipiga magoti wote wawili. Dada aliomba radhi akilia, akasamehewa hapo hapo kwa kupigwa kofi dogo la shavu. Mimi nilisema, "Nisamehe mama. Nilinusa."

"Ulinusa," alisema. "Nimekulea. Nikakwambia sijala. Ukaiuliza pua yako, mimi hukuniuliza."

Nikamshika miguu.

"Nimekusamehe, baba," akasema baadaye kidogo. "Lakini neno ulilonitamkia unalijua."

Mvua ya kwanza ilishuka wiki ile ile. Kwenye mabati ya watu ilikuwa kelele za ngoma. Ndani kwetu ilisikika kama watu wanaotembea pekupeku juu darini. Maji ya mwanzo tuliyaacha yaoshe bati na kumwagika. Ya pili tukayafungulia mfereji, na mama mdogo akasimama mlangoni akisikiliza yakianguka kisimani. Ndoo ya kwanza aliichota mwenyewe. Hakunywa. Alimimina kikombe kimoja kwenye mchanga wa mtungi, ndipo akatupa sisi tunywe.

Nilikuwa nimekuja na wazo la kubaki. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kipande cha ardhi nyuma ya mikorosho, akasema pale patanitosha nyumba. Baada ya hospitali hakukitaja tena, na mimi sikukiuliza. Alinipikia, alinitania, aliniita baba. Ila alipokuwa anajipiga sindano alianza kunigeuzia mgongo, na zamani hakuwa anafanya hivyo.

Asubuhi niliyoondoka alijipiga sindano, akarudisha chupa, akafunika. Kisha akaingia chumbani akatoka na kifurushi cha kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mabibo yaliyokaushwa juani, yamesinyaa kama masikio.

"Chukua ule njiani," alisema. "Ndiyo yale niliyoiba."

Alicheka, na mzee wa nyasi uani kwake akacheka. Mimi nilijaribu.

Bodaboda ilipofika barabara kuu niligeuka. Bati langu lilionekana vizuri sana katikati ya mikorosho iliyooshwa na mvua, jekundu la kiza, safi, kila msumari kwenye mstari wake. Nyasi hazikuonekana. Nilikuwa nimemwambia dada kwamba nitarudi msimu ujao, na nadhani niliamini. Mama mdogo hakuniuliza nitarudi lini.

Kifurushi nilikifungua Tunduru. Harufu ilikuwa ile ile ya pumzi ya mama.